Jua la sebuleni: sakulenti ndani zinarefuka, nje zinaungua

SWALI

Shikamoo Bwana Shamba. Naishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Mwezi wa Novemba nilinunua sakulenti (mimea minene inayohifadhi maji) sita kwa wauza maua wa barabarani: mbili zilizojikunja kama waridi, moja ndogo yenye mistari myeupe kama pundamilia, mshubiri mmoja, moja yenye maua mekundu, na moja ya miiba ambayo ukiikwaruza inatoa maziwa. Niliziweka kwenye meza ya televisheni. Baada ya mwezi na nusu zile za waridi zikaanza kurefuka shingo. Nikasoma mtandaoni kwamba zinataka dirisha la kusini, nikazihamishia dirisha la kusini la sebuleni, hakuna kilichobadilika. Wiki iliyopita, Februari hii, nikazitoa zote roshani, upande wa magharibi. Siku ya pili zikaota mabaka meupe, sasa yamekuwa ya kahawia. Muuzaji aliniambia nimwagilie kila Jumapili na sijawahi kuruka. Naomba unitajie saa kamili: jua la saa ngapi kwa siku? Dirisha jingine nililonalo ni la jikoni, linatazama mashariki.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Saa nitakutajia, lakini kwanza tumalizane na hilo dirisha la kusini, kwa sababu limewapotosha wengi wanaokuja kitaluni kwangu na mimea yenye shingo ndefu.

Aliyeandika kwamba sakulenti ziwekwe dirisha la kusini hakukosea. Alikuwa anawaandikia watu wa London au Chicago, ambako jua halifiki utosini hata siku moja. Kwao adhuhuri jua liko kusini mwaka mzima, na majira ya baridi linainama kiasi cha kuingia mpaka katikati ya chumba. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Sisi jua linatupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Katikati ya Machi na Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa kusini.

Utaniambia: basi Januari dirisha la kusini lilikuwa upande sahihi. Ndiyo, ila jua lilikuwa juu mno. Mwishoni mwa Desemba, adhuhuri, jua la Dar liko nyuzi 73 hivi kutoka upeo wa macho, na Januari linazidi kupanda. Chukua zege la ghorofa ya juu lililotokeza sentimita 60 tu juu ya dirisha lako: kivuli chake kinashuka ukutani karibu mita 2. Dirisha zima limo kivulini wakati mtaa mzima unaungua. Mwezi wa Juni, jua likiwa kaskazini, hushuka hadi nyuzi 60 hivi. Zege lilelile hutupa kivuli cha mita 1, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua sehemu yake ya chini. Hapo ndipo utaona kwamba jua la utosi, lile tunalolikimbia sisi, karibu halina habari na mimea ya ndani. Linapiga paa.

Jua linaloingia nyumbani kwetu ni lile la chini, la asubuhi na la jioni. Mashariki huingia kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi kama saa 4, kabla halijapanda juu ya ukingo wa paa. Magharibi huanza saa 8 au 9 mchana hadi magharibi yenyewe. Mwanga wa pande hizi mbili unaweza kufanana, lakini mazingira hayafanani: asubuhi hewa ina ubaridi, chungu kimepoa, kigae cha roshani kimepoa. Saa 9 alasiri ukuta, kigae na chungu cheusi cha plastiki vimekunywa joto tangu asubuhi, na mizizi inachemka kabla hata jani halijaungua.

(Kama huna hakika kaskazini ni wapi, angalia msikiti wa jirani. Makka na Dar es Salaam ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivyo kwako kibla na kaskazini ni kitu kimoja. Mombasa na Unguja ni vivyo hivyo. Nimeitumia mbinu hii miaka mingi kuliko dira.)

Hata hivyo upande peke yake hautoshi. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba yenye dirisha la mashariki na mimea yote imerefuka. Nilipofungua pazia nikakutana na ukuta wa jirani, ungeweza kuugusa kwa ufagio. Mitaa ya Mji Mkongwe, Zanzibar, imejaa madirisha ya namna hiyo, na ndiyo maana ua wa ndani ya nyumba ndio wenye maua. Kwa hiyo fanya hivi: inama mpaka jicho lako liwe pale jani lilipo, kisha tazama dirishani. Unaona anga? Kama unachoona ni ukuta, paa la jirani au dari la roshani tu, mmea wako nao hauna anga. Ukipata kipande kikubwa cha anga, pana matumaini hata kama jua lenyewe haliingii.

Kwenye meza ya televisheni ulidanganywa na macho yako mwenyewe. Jicho hujirekebisha; ukikaa sebuleni dakika tano unaona kila kitu vizuri na kuamini kwamba pana mwanga. Kipimo hakidanganyiki. Jua la wazi adhuhuri hufikia laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Kivuli cha nje, chini ya mwembe kwa mfano, bado kinaweza kuwa na maelfu kadhaa. Meza iliyo mita 3 kutoka dirishani mara nyingi ina laksi mia mbili au tatu. Zipo programu za simu zinazopima laksi. Si sahihi sana, lakini kwa kulinganisha sehemu mbili za nyumba zinafaa. Nami bado napenda njia ya zamani: saa 5 asubuhi weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, nyosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli cha vidole kikiwa kikali, kimekatwa kama kwa kisu, mwanga unatosha sakulenti yoyote. Kikiwa na ukungu lakini vidole vinahesabika, unatosha zile za kivulini. Kama kuna weusi tu usio na umbo, weka picha ya familia hapo.

Usisahau pia vile vitu ambavyo tumevizoea hata hatuvioni tena: wavu wa mbu uliojaa vumbi, kioo cheusi cha kuzuia joto, pazia, nondo nene. Kila kimoja kinakata mwanga, na vikikutana vyote kwenye dirisha moja kinachobaki ni kidogo sana. Wavu upo kwa sababu ya mbu na usiutoe, mwanangu. Uoshe tu kwa sabuni. Nimeona tofauti ya wavu uliooshwa kwa karatasi na mkono, bila chombo chochote.

Sasa kuhusu kuungua. Mabaka yako si ugonjwa, kwa hiyo kama kuna mtu ameshakushauri ununue dawa ya ukungu, hela yako ibaki mfukoni. Jani lililolelewa kwenye giza la sebule ni kama mtoto aliyelelewa ndani ya chandarua: ngozi nyembamba, halina ule unga mweupe wa kujikinga, halina rangi nyekundu au zambarau ambazo mmea hutengeneza ili kupunguza makali ya jua. Tena, hata lile lililokuwa nyuma ya kioo na kupigwa na jua halijazoea jua la nje, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale mikali zaidi ya urujuanimno. Ukalitoa ghafla saa 9 alasiri ya Februari, likababuka.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza trei nzima ya hawothia, sakulenti ndogo za kivulini, kwa siku moja. Neti ya kivuli ilichanika, nikasema nitaishona kesho. Kufikia jioni zote zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Miaka ishirini ya kazi, na bado nilisema kesho.

Baka la kuungua halifutiki. Litabaki kavu, gumu kidogo, upande ule uliotazama jua tu, mpaka jani hilo lizeeke na kudondoka. Usilikate kama sehemu kubwa ya jani bado ni ya kijani, linaendelea kulisha mmea. Kama baka ni laini, lina majimaji na linaanzia chini kwenye shina, hilo si jua. Hilo ni kuoza, na nitalifikia.

Kuzoesha ni kazi ya siku 10 hadi 14. Siku tatu za kwanza, jua la asubuhi hadi saa 2 tu, kisha kivulini. Siku tatu zinazofuata, hadi saa 3. Ongeza hivyo hivyo. Ukiona majani yanaingia wekundu kidogo kwenye kingo, usiogope, mmea unajivika. Ukiona weupe usio wa kawaida, kama jani lililopauka, rudi nyuma siku mbili. Wengi huambiwa wazungushe chungu robo duara kila wiki ili mmea usiinamie upande mmoja. Ni ushauri mzuri, ila usiufuate katika wiki hizi mbili: ukigeuza chungu unaleta mbele ya jua upande ambao haujazoea, na utauunguza nao. Zoesha kwanza, zungusha baadaye. Ule unga mweupe juu ya majani usiufute kwa kitambaa hata kama unafanana na vumbi. Hauoti tena kwenye jani lililokwisha kukomaa.

Na shingo zilizorefuka? Hazirudi. Mmea ukikosa mwanga hutumia akiba yake kurefusha shina ili uufuate, na majani hukaa mbalimbali, yale ya chini yakishuka kama sketi. Ukiupa mwanga leo, majani mapya yatabana juu, lakini shingo itabaki. Dawa yake ni kisu safi: kata kichwa ukiacha kipande kifupi cha shina, kiache kivulini siku nne au tano mpaka jeraha likauke, kisha kisimike kwenye mchanga mkavu wenye mboji kidogo. Kisiki usikitupe; kikipata mwanga kitachipua vichwa vidogo pembeni. Ila usikate wiki hii. Mmea uliotoka kuungua usiupe na jeraha la pili. Subiri uone majani mapya ya katikati yakitoka mazuri.

Kumwagilia kila Jumapili ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko hata jua. Sakulenti nyingi hufungua vitundu vya majani usiku, hewa ikiwa na ubaridi, na kuvuta hewa ya kabonidayoksaidi ambayo huihifadhi kama asidi. Mchana hufunga vitundu, kisha hutumia mwanga kugeuza akiba hiyo kuwa sukari. Hapo utaona kitakachotokea pasipo na mwanga: kazi ya mchana haifanyiki, mmea hauongezeki, maji hayatumiki. Chungu kilicholoweshwa Jumapili kinafika Jumapili nyingine bado kibichi, na wewe unaongeza; hapo ndipo kuoza kunapoanzia. Wengi wanaodhani wameua mmea kwa maji mengi waliua kwa giza. Maji yalikuja kumalizia tu. Chungu kilekile, maji yaleyale, dirishani mwa mashariki kingekauka kwa siku nne. Kwa hiyo achana na Jumapili. Inua chungu: kikiwa chepesi kama kitupu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kikiwa kizito, kirudishe. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mawingu yatapunguza mwanga na unyevu wa Dar utapanda. Huenda chungu kikamaliza wiki tatu bila kuhitaji tone.

Sasa saa ulizoniomba. Hazifanani kwa mimea yako yote sita, na hapo ndipo ulipokosea kuihamisha yote pamoja.

Zile mbili za waridi ni echeveria, watu wa nyanda za juu za Mexico. Zinataka jua lenyewe, saa 4 hadi 6 kwa siku, la asubuhi kwa hapa kwetu. Zipange jikoni, juu ya kizingiti cha dirisha kabisa, zikikaribiana na kioo. Hatua moja nyuma ya hapo mwanga umeshapungua sana. Lakini nikuambie ukweli ambao muuzaji hakukuambia: echeveria na Dar hawapatani sana. Kwao usiku ni baridi. Usiku wa joto mmea huteketeza sukari nyingi kwa kupumua tu, kwa hiyo unahitaji mwanga zaidi mchana ili kufidia. Mtu wa Lushoto, Iringa au Nairobi akiwa na dirisha kama lako atapata echeveria iliyobana na yenye rangi. Wewe ukiiweka isirefuke umefanya kazi kubwa. Kama jikoni hakutoshi, tafuta taa nyeupe ya LED ya wati 20, iwe sentimita 20 hadi 30 juu ya mimea, iwake saa 12 kwa siku. Ni uniti 7 hivi za umeme wa LUKU kwa mwezi. Hizo taa za rangi ya zambarau zinazouzwa kwa bei ya kutisha hazina muujiza.

Ile ya mistari ya pundamilia ni hawothia, ya Afrika Kusini, na porini hukaa chini ya vichaka na mawe. Jua la asubuhi mapema kwa muda wa saa 1 au 2 linatosha, au anga wazi bila jua kabisa. Irudishe ndani leo, kwenye dirisha lile la kusini. Dirisha hilo ambalo halikuifaa echeveria litaifaa hii. Ukitaka kitu cha kuongeza kwenye kona yenye giza zaidi, tafuta sansevieria, au zamiokulkasi, ambayo asili yake ni misitu ya huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Waholanzi waliichukua wakaizidisha kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, sasa tunauziwa madukani kama mgeni kutoka Ulaya. Hiyo nayo haipendi giza, ila inavumilia, na kuvumilia kwake huwafanya watu waamini kwamba inapenda.

Mshubiri unataka jua kwa muda wa saa 3 au 4 kwa siku, na ukishazoea unaweza kukaa roshani mwaka mzima. Ukibadilika kuwa wa rangi ya kutu kwa jua kali hajafa mtu, utarudi kijani ukipata kivuli kidogo. Ukilala majani chini kama mtu aliyechoka, hilo ni giza.

Yenye maua mekundu ni kalankoe, ya Madagaska. Jua la asubuhi hadi saa 4 litaipa majani mazuri, lakini maua yake yanategemea jambo jingine: urefu wa giza. Hufunga maua ikipata usiku mrefu, na usiku wetu mwaka mzima unacheza kwenye saa 12 hivi, zaidi au pungufu kidogo. Ukiiweka sebuleni na taa ikawaka hadi saa 5 usiku, kwake bado ni mchana. Ndiyo maana watu huinunua ikiwa imechanua, maua yakaisha, isichanue tena, wakadhani wamedanganywa. Ifunike kwa boksi la karatasi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi, kila siku bila kuruka, wiki sita, huku mchana ikipata mwanga wake. Vichipukizi vya maua ukishaviona, boksi likapumzike.

Ya mwisho, ile ya miiba na maziwa, si dungusi. Dungusi kwa kawaida halitoi maziwa. Hiyo ni euforbia, ndugu wa mnyaa unaoona kwenye uzio wa vijijini, na kati ya zote sita ndiyo pekee ambayo roshani ya magharibi itaifaa, jua kadiri lilivyo, baada ya zile wiki mbili za kuzoesha. Isogeze mbali na ukuta na uinyanyue kutoka kwenye kigae, hata kwa vipande viwili vya mbao. Maziwa yake yanachoma ngozi, na yakiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo acha kuikwaruza. Kama kuna mtoto nyumbani, iweke juu zaidi ya mkono wake unapofika, hata kama hapo jua ni pungufu.